Oili, Grisi na Shafti ya Nguvu: Ulainishaji wa Trekta katika Historia ya Nachingwea

Historia ya kilimo cha mashine katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, imezoeleka kuandikwa kwa hesabu ya ekari, ya pauni na ya tani za karanga ambazo hazikupatikana, na ni hesabu hizo zilizolifikisha jina la Nachingwea katika Bunge la Uingereza na katika vitabu vya uchumi. Hesabu hizo ni za kweli, lakini zimeiacha nje sehemu ya historia iliyofanyika chini ya trekta yenyewe, mahali ambapo mtu mwenye spana na bomba la grisi aliamua, kwa kazi fupi ya kila asubuhi, kama mashine ingeumaliza msimu au ingeukatisha. Makala haya yanaitazama historia hiyo kupitia kiungo kimoja cha trekta za zamani, yaani shafti ya kutolea nguvu, ambayo madereva na mafundi huiita pi-ti-o, pamoja na ulainishaji wake. Kiungo hicho ndicho kilichoiwezesha trekta kuendesha mashine nyingine badala ya kuvuta tu, na mahitaji yake ya oili na grisi yanaonyesha waziwazi kile ambacho wapangaji wa miaka ya 1940 hawakukipa uzito uliostahili: saa za matunzo, na ujuzi wa watu wa kuyafanya.

Chimbuko la shafti ya kutolea nguvu

Trekta za kwanza zilifanya kazi za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa kuvuta, na ya pili ilikuwa kusimama mahali pamoja huku mkanda mrefu ukizungushwa na gurudumu la pembeni ili kuendesha mashine ya kupura au kinu. Mashine iliyohitaji kuvutwa na kuzungushwa kwa wakati mmoja, kama ile ya kuvuna na kufunga miganda ya ngano, ilipata nguvu yake kutoka kwenye gurudumu lake lenyewe lililokanyaga ardhi, na ardhi ilipolowa gurudumu hilo liliteleza na kazi ikasimama. Mwaka 1906 Mfaransa Albert Gougis aliunganisha injini ya trekta aliyoitengeneza na mashine ya kuvunia kwa kutumia shafti yenye viungo vya kujipinda, na jambo hilo likaonwa na Edward A. Johnston, mhandisi wa kampuni ya International Harvester ya Marekani. Mwaka 1918 kampuni hiyo iliuza trekta ya 8-16 iliyoweza kufungwa shafti ya namna hiyo, na katika miaka ya 1920 shafti hiyo ikaenea katika trekta za watengenezaji wengine.

Kuenea huko kulihitaji kipimo cha pamoja, ili trekta ya kiwanda kimoja iweze kuendesha mashine ya kiwanda kingine. Katika miaka hiyo ya 1920 wahandisi wa kilimo wa Marekani walikubaliana juu ya mwendo wa mizunguko 536 kwa dakika, ambao baadaye ulirekebishwa na kuwa 540, pamoja na shafti yenye kipenyo cha takriban milimita 35 na mifuo sita iliyochongwa kwa urefu wake, ambayo huingiana na mifuo ya mashine inayoendeshwa. Mwendo wa 540 ni mizunguko tisa kwa kila sekunde, na namba hiyo inaeleza mambo mawili kwa pamoja: ukubwa wa hatari kwa mtu ambaye shuka au mkono wa shati lake umenaswa na shafti isiyo na ngao, na ukubwa wa kazi inayofanywa na utando mwembamba wa oili unaotenganisha chuma na chuma ndani ya nyumba ya gia.

Trekta zilizoletwa kusini

Mashine hizo zilifika Nachingwea kwa wingi kupitia Mpango wa Karanga. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, alipendekeza kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika Mashariki ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula ulioikabili Uingereza baada ya vita. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache na kupendekeza zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliubeba mpango huo kisiasa. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947, na mwaka uliofuata usimamizi ukakabidhiwa shirika la serikali, Overseas Food Corporation, ambalo pia lilishughulikia Urambo na Nachingwea.

Nachingwea ndiyo iliyowekewa matumaini makubwa zaidi, kwa kuwa mvua yake ya msimu mmoja, inayoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, ilikuwa ya uhakika kuliko ile ya Kongwa. Ugumu wake ulikuwa mwingine, nao ni msitu mzito na umbali kutoka bandarini. Reli mpya ilijengwa kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949, na bomba la mafuta likatandazwa kutoka pwani hadi bara ili trekta zisikose dizeli. Bandari ya maji marefu ikajengwa Mtwara, ikafunguliwa mwaka 1954, wakati mpango ulioizaa ulikuwa umekwisha kuvunjwa.

Kwa kuwa viwanda havikuweza kutoa trekta mpya za kutosha mara baada ya vita, nyingi kati ya zile za kwanza zilinunuliwa katika maghala ya mabaki ya jeshi la Marekani, yakiwemo ya Ufilipino. Zilikuwa trekta za minyororo, kama Caterpillar D7 na D8, ambazo zilikwisha kufanya kazi ngumu vitani na kukaa kwenye unyevu kabla ya kupakiwa melini. Kampuni ya Vickers-Armstrongs nayo ilibadilisha vifaru vya Sherman kuwa trekta zilizoitwa Shervick. Kwa upande wa trekta za magurudumu zilitumiwa za Massey-Harris, ikiwemo aina ya 744 yenye injini ya dizeli ya Perkins iliyoanza kuunganishwa Uingereza mwaka 1948.

Katika trekta za minyororo za enzi hiyo, shafti ya kutolea nguvu ilihusika moja kwa moja na ukataji wa msitu. Bledi kubwa iliyosukuma miti ilinyanyuliwa kwa kamba ya chuma iliyojiviringisha kwenye ngoma, na ngoma hiyo ilikaa nyuma ya trekta, ikizungushwa na shafti iliyotoka kwenye giaboksi. Kifaa hicho kilikuwa na gia zilizohitaji oili na klachi za msuguano zilizohitaji kubaki kavu, kwa hiyo sili, yaani pete inayozuia oili isivuje pembeni mwa shafti, ilipochakaa, gia zilibaki na oili pungufu huku klachi ikilowa na kuteleza, na bledi ikashindwa kupanda ingawa injini ilikuwa na nguvu zake zote. Trekta iliyokwama kwa sababu hiyo ilihesabiwa katika taarifa kuwa trekta iliyoharibika, na taarifa za Kongwa za mwaka 1947 zilijaa trekta zilizoharibika. Mwaka huo wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000, na zilizopandwa zilikuwa takriban 7,500.

Oili ndani ya nyumba ya gia

Kazi ya oili hueleweka vizuri zaidi ikianzwa na jambo lililogunduliwa Uingereza katika karne ya 19. Mwaka 1883 Beauchamp Tower, aliyekuwa akichunguza beringi za mabehewa ya reli, aliona kwamba oili iliyokuwa ndani ya beringi inayozunguka ilijijengea shinikizo kubwa kiasi cha kusukuma nje kizibo alichokiweka. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza sababu yake kwa hesabu: shafti inayozunguka huikokota oili na kuiingiza kwenye nafasi inayozidi kuwa nyembamba, na oili hiyo, kwa kuwa haibonyei kwa urahisi, huinyanyua shafti na kuitenga na chuma kilicho chini yake. Utando huo hutegemea mambo matatu, ambayo ni mwendo wa shafti, mzigo unaoilemea, na uzito wa oili, yaani ugumu wake wa kutiririka.

Katika trekta nyingi za kati ya miaka ya 1920 na 1950, shafti ya kutolea nguvu haikuwa na pampu yake ya kulainisha. Ilipita ndani ya giaboksi au chini ya difu, ikashikwa na beringi mbili au zaidi, na ikapata oili kwa njia ya kurushiwa: gia kubwa zilizozama kwa sehemu katika oili iliyo chini zilipozunguka ziliichota na kuitawanya, na matone yaliyogonga kuta za nyumba yalitiririka kwenye mifereji midogo hadi kwenye beringi na kwenye kopla, yaani kipande kinachosogezwa na wenzo wa dereva ili kuiunganisha au kuitenga shafti. Mpangilio huu ni rahisi na wa kudumu, lakini unategemea sana kimo cha oili. Kikipungua, gia hazifiki kwenye oili na beringi ya nyuma, iliyo mbali zaidi, ndiyo huumia kwanza. Kikizidi, gia huivuruga oili mpaka inatoa povu na joto, na shinikizo la joto hilo huisukuma nje kupitia sili. Ndiyo maana watengenezaji waliweka bolti ya kupimia kimo ubavuni mwa nyumba, na vitabu vyao vikasisitiza kwamba kipimo kichukuliwe trekta ikiwa mahali tambarare.

Trekta ya Ferguson TE20, iliyotengenezwa Coventry kuanzia mwaka 1946 hadi 1956 na kuuzwa kwa zaidi ya 500,000, iliongeza jambo jingine katika mpangilio huo. Shafti yake ya kutolea nguvu iliendesha pia pampu ya haidroliki iliyonyanyua jembe, na pampu hiyo ilikaa ndani ya oili ileile iliyolainisha giaboksi na difu. Faida yake ilikuwa kwamba oili moja ilifanya kazi zote. Gharama yake ilikuwa kwamba uchafu uliozaliwa na kiungo kimoja, kama vumbi la chuma kutoka kwenye gia zilizoumana, ulifika kwenye vali za pampu na kuzikwangua. Kwa hiyo kuimwaga oili hiyo kulihitaji kufungua bolti zote za chini, kwa kuwa kila chumba kilibakiza uchafu wake, na fundi aliyefungua moja tu aliitia oili mpya juu ya matope ya zamani.

Maji yalikuwa adui mwingine. Nyumba ya gia hupumua kupitia tundu dogo, kwani hewa iliyo ndani hutanuka trekta inapopata joto na hujikunja inapopoa, na trekta iliyosimama usiku wa baridi ya Juni baada ya mchana wa jua huvuta hewa yenye unyevu, ambao hugeuka matone kwenye kuta za chuma. Tundu hilo likizibwa na matope, hewa hutafuta njia kupitia sili na kubeba maji na vumbi pamoja nayo. Oili iliyoingiwa na maji hubadilika rangi na kuwa kama maziwa, hupoteza uwezo wa kujenga utando, na huacha kutu kwenye beringi zilizo juu ya kimo cha oili. Katika nchi yenye mvua ya miezi mitano au sita na ukame wa miezi inayobaki, trekta iliyohifadhiwa bila kuzungushwa kwa kipindi chote cha kiangazi ilikuwa katika hatari kubwa kuliko ile iliyofanya kazi, kwa sababu shafti iliyotulia haijipaki oili upya.

Grisi, krosi na vumbi

Sehemu ya pili ya shafti iko nje ya trekta, kati yake na mashine inayoendeshwa, na huko oili haiwezi kukaa, hivyo ulainishaji wake hufanywa kwa grisi, ambayo ni oili iliyoshikwa na sabuni. Krosi, yaani kiungo chenye mikono minne kinachoruhusu shafti kupinda, huwa na beringi za sindano ambazo hazizunguki mzunguko kamili. Huyumba tu mbele na nyuma kwa kadiri ya pembe ya shafti. Kwa sababu hiyo utando alioueleza Reynolds haupati nafasi ya kujengeka vizuri, na sindano hutegemea grisi iliyokwisha kuwepo, ambayo hupungua saa baada ya saa. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya kutia grisi kila baada ya saa nane au kumi za kazi, yaani kila siku, kupitia nipo, kijitundu chenye kijigololi kinachosukumwa na springi, ambacho umbo lake linalotumika hadi leo lilisajiliwa na Oscar Zerk katika miaka ya 1920.

Kati ya krosi mbili kuna mabomba mawili yanayoingiana ili shafti iweze kurefuka na kufupika trekta inapokata kona au kuvuka tuta. Mabomba haya yakikauka hukamatana yakiwa chini ya mzigo, na trekta inapopinda nguvu ambayo ilipaswa kumezwa na kuteleza kwa mabomba hayo hurudi nyuma kwenye shafti ya trekta, ikaisukuma beringi yake kwa urefu na kuilegeza sili. Kwa njia hiyo uzembe wa grisi nje huzaa uvujaji wa oili ndani, na fundi anayebadilisha sili bila kuyapaka grisi mabomba hayo atairudia kazi yake kabla msimu haujaisha.

Aina ya grisi nayo ilikuwa na historia yake. Grisi ya sabuni ya chokaa, iliyokuwa ya bei nafuu na iliyovumilia maji, ilijitenga ilipokaribia nyuzi 80 za joto, na grisi ya sabuni ya magadi, iliyovumilia joto, iliyeyushwa na maji ya mvua. Grisi ya lithiamu, iliyosajiliwa na Clarence Earle nchini Marekani mwaka 1942, iliunganisha uvumilivu wa vyote viwili, lakini wakati wa Mpango wa Karanga ilikuwa bado inaenea, na mashine zilizotoka nchi mbalimbali zilikuja na maelekezo ya aina mbalimbali. Kuchanganya grisi zenye sabuni tofauti kunaweza kuzifanya zilegee na kutiririka zikiwa na moto, kwa hiyo bohari yenye mapipa ya aina nyingi ilihitaji mtu anayejua kusoma alama na kutofautisha. Vumbi la ardhi nyekundu liliongeza mzigo huo, kwani chembe za mchanga zikishikwa na grisi iliyobaki nje ya nipo huwa msasa, na nipo isiyofutwa kwa tambara kabla ya kupigwa bomba hubeba msasa huo hadi katikati ya sindano.

Ujuzi uliobaki

Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa katika hesabu. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo mvua, udongo, haraka ya kisiasa na kutofanyika kwa majaribio, na isingekuwa haki kuuwekea ulainishaji lawama ya yote. Hata hivyo mpango ulionunua trekta kabla ya kuwa na karakana, na ulioweka bomba la dizeli kwa kilomita nyingi wakati oili na grisi zilitegemea mapipa na mikono ya watu waliokuwa bado hawajafundishwa, ulikuwa umeihesabu mashine kama chombo kinachofanya kazi kwa mafuta peke yake. Dizeli huifanya trekta itembee leo. Oili huamua kama itatembea mwakani, na bajeti ya mpango huo ilipaswa kuijali ya pili angalau sawa na ya kwanza.

Mashamba ya Nachingwea yaliendelea kwa kiwango kidogo, na mwaka 1955 yakachukuliwa na Tanganyika Agricultural Corporation, ambayo ilifanya majaribio ya mazao na kuwapangisha wakulima wa Kiafrika vipande vya mashamba, huku shirika likiwalimia kwa trekta na kuwakata gharama kwenye mavuno. Mpangilio huo uliibadilisha maana ya matunzo, kwa sababu saa ambayo trekta ilisimama sasa ilikuwa na mwenye hasara anayeonekana, yaani mkulima aliyesubiri zamu yake mvua ikiwa imeanza kunyesha. Reli iling'olewa baada ya kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alama yake imebaki katika jina la kata ya Stesheni mjini Nachingwea. Kuanzia mwaka 1965 harakati ya ukombozi ya FRELIMO ilikuwa na kambi yake kuu ya mafunzo katika ardhi hiyohiyo, na wapiganaji wake waliunganisha mafunzo ya kijeshi na kilimo hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975.

Katika kipindi hicho trekta zenyewe zilibadilika. Ferguson na Massey-Harris ziliungana mwaka 1953, na trekta ya 35 iliyotoka katika muungano huo iliweza kuwa na klachi ya hatua mbili, ambayo iliiruhusu shafti ya kutolea nguvu iendelee kuzunguka hata magurudumu yakisimamishwa. Katika miaka ya 1980 trekta za Valmet kutoka Ufini ziliunganishwa Kibaha, na baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 trekta kutoka India ziliuzwa kupitia SUMA JKT. Kanuni za ulainishaji hazikubadilika kwa kiwango hicho, na ujuzi wa fundi aliyejifunza kwenye trekta ya zamani ulihamia kwenye mpya kwa marekebisho machache.

Mojawapo ya marekebisho hayo linahusu oili yenyewe. Trekta za zamani zina bushi za shaba nyeusi katika sehemu zake kadhaa, na oili za gia za kisasa zenye daraja la GL-5 zina viambato vingi vya salfa ambavyo, joto linapopanda, vinaweza kuila shaba hiyo, kwa hiyo daraja la GL-4 ndilo linalozifaa zaidi. Oili iliyokwisha kutumika kwenye injini, ambayo mtu mwenye shida ya fedha huweza kushawishika kuitia kwenye giaboksi, hubeba masizi na tindikali, na uzito wake umekwisha kupotea; akiba inayopatikana kwa kuitumia hulipwa baadaye kwa bei ya beringi.

Katika vijiji vya leo, kuanzia Mkotokuyana hadi upande wa Ruangwa, ambako korosho, ufuta, mbaazi na mahindi vimechukua nafasi ambayo wapangaji wa 1946 waliiwekea karanga, trekta huthaminiwa kwa kazi za shafti yake sawa na kwa kulima: kupukuchua mahindi, kuendesha pampu ya maji, kukata majani chini ya mikorosho. Kazi hizi hufanywa trekta ikiwa imesimama au ikienda polepole kwa saa nyingi mfululizo, hali ambayo huilemea shafti, krosi na beringi ya nyuma kuliko kulima kunavyofanya, na huipa oili joto bila upepo wa kuipoza. Ratiba ya ulainishaji iliyopangwa kwa saa za kulima haitoshi kwa trekta inayopukuchua mchana kutwa, na saa za shafti zinapaswa kuhesabiwa peke yake.

Kwa sababu hiyo vikundi na vyama vya ushirika vinavyonunua trekta katika nchi hiyo vinahitaji kuandika katika hesabu zao, pamoja na bei ya trekta na ya dizeli, bei ya oili ya msimu, ya grisi ya kila siku, ya sili za akiba, na mshahara wa mtu mmoja anayewajibika kwa vitu hivyo na mwenye mamlaka ya kuisimamisha mashine vinapokosekana. Nachingwea iliwahi kuwa na trekta nyingi kuliko wilaya nyingi za Tanganyika, na zilishindwa kuilima. Trekta moja yenye daftari la oili, sili nzima na nipo zilizofutwa itaitumikia kata moja kwa miaka mingi, na hilo ni somo ambalo ardhi hiyo ililigharimia mapema na kwa bei kubwa, kwa hiyo ina haki kamili ya kunufaika nalo.